Nilimngoja Mtu Kama Ninavyongoja Mvua

Nilipoolewa katika kijiji kimoja cha upande wa Mvumi, mkoani Dodoma, jambo la kwanza nililokatazwa na mama mkwe halikuhusu mapishi wala namna ya kuwasalimu wakwe. Lilihusu maneno: nisiseme kamwe kwamba kesho mvua itanyesha. Niliruhusiwa kusema kuwa mawingu yametanda, au kuwa upepo umegeuka, au kuwa kumbikumbi wameonekana, lakini siku yenyewe sikuruhusiwa kuitaja. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekulia mjini, karibu na reli, katika nyumba ambayo redio ilisoma utabiri wa hali ya hewa kila jioni, kwa hiyo mwiko huo niliuweka pamoja na miiko mingine ya wazee ambayo msichana wa mjini huitikia kwa adabu na kuicheka akiwa peke yake. Nimevuka ukame, nimelea mizabibu na nimedai deni ambalo mpaka leo halijalipwa lote, ndipo nikaelewa alichokuwa akinifundisha. Na hata hapo nilikielewa nusu, nikakitumia mahali ambapo hakikustahili.

Asiyeijua Dodoma huenda asione uzito wa mwiko huo. Kuna mikoa yenye vuli na masika, ambako mkulima aliyekosa msimu mmoja hujipa moyo kwa msimu wa pili. Sisi tuna msimu mmoja tu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na mvua yote ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi, tena haidondoki kwa mpangilio. Mara nyingi katikati ya msimu, hasa Februari, anga hufunguka jua likawaka wiki mbili au tatu, na mazao yaliyokwisha kufika magotini yakanyauka mbele ya macho ya aliyeyapanda. Kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi, upepo, na mibuyu isiyo na jani. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya mwaka wa mkulima wa huku ni kungoja, na asiyejua kungoja hawezi kuishi hapa hata akiwa na nguvu za fahali.

Mwaka 2005 tulivuna kidogo sana, na msimu uliofuata mvua ikachelewa. Nchi nzima iliufahamu ukame ule kwa njia ya mgao wa umeme wa mwaka 2006, kwa kuwa maji ya bwawa la Mtera, lililoko mpakani mwa Dodoma na Iringa, yalikuwa yamepungua mno. Sisi ambao hatukuwa na umeme tuliufahamu kwa kuchungulia ndani ya kilindo, chombo chetu cha kuhifadhia nafaka. Kila nilipoinama kuchota uwele, mkono ulizama zaidi kuliko jana, hadi siku moja nikalazimika kukilaza kilindo chenyewe na kuingiza kichwa. Baba watoto aliondoka mapema mwezi Desemba kwenda kuhemea upande wa Kibaigwa, ambako kuna soko kubwa la mahindi, akitarajia kufanya vibarua na kulipwa kwa nafaka. Simu hatukuwa nazo. Alituambia, "Nikipata nitarudi," na kwa wiki saba hayo ndiyo maneno pekee tuliyokuwa nayo.

Nilimtazama mama mkwe katika wiki hizo saba kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote. Nilidhani kuvumilia ni kutulia, yaani kukaa kivulini ukiwa umeikunja mikono na kumwachia Mungu. Yeye hakukaa. Alfajiri tulikwenda korongoni kuchimba mchanga hadi maji yatokee, tukapanga madumu yetu kwenye foleni, na wakati wa kungoja kisima kijae tena alikuwa akisuka kamba. Tukirudi, tulibeba samadi kutoka zizini kwenda shambani, ingawa shamba lilikuwa gumu kama sakafu. Alikandika upya paa la udongo la tembe, nyumba yetu ya asili, lisije likavuja, na jirani mmoja alipomtania kwamba anaziba paa wakati hakuna wingu, alimjibu kuwa paa haliwezi kuzibwa mvua ikiwa juu yake. Aliupima uwele kwa kikombe kimoja cha bati, na tangu sikukuu ya Krismasi tulikula ugali mara moja tu kwa siku, jioni, pamoja na mlenda uliokaushwa tangu msimu uliopita, huku asubuhi watoto wakinywa uji mwepesi uliochanganywa na unga wa ubuyu. Jioni moja ya wiki hizo alinikataza tena kutaja siku. Nilikuwa nimemwambia mwanangu mkubwa, ili anyamaze, kwamba baba yake atarudi Jumapili. Mama mkwe aliningoja hadi mtoto alipolala, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, anayekuahidi kesho anakukopesha kitu ambacho si chake. Jumapili ikifika bila baba, huyu mtoto utamlipa nini?"

Jumapili ilifika bila baba. Mtoto alikaa njiani kutwa nzima, na usiku hakulia kwa njaa bali kwa jambo jingine baya zaidi, nami sikuwa na la kumlipa.

Usiku wa Jumatatu ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelisimulia kwa watu wachache. Juu ya jiko, pale moshi unapopanda, yalikuwa yamening'inizwa masuke ya uwele ya mbegu, yaliyochaguliwa moja moja wakati wa mavuno na kufungwa kwa kamba ili moshi uwafukuze wadudu. Hayo hayakuwa chakula. Kila mtu ndani ya nyumba, hata mtoto wa miaka minne, alijua kuwa hayo si chakula. Mdogo alikuwa akilia, kikombe cha siku hiyo kilikuwa kimekwisha, nami nikanyoosha mkono gizani, nikachomoa suke moja, nikalipura na kulitwanga polepole sauti isitoke nje, nikampikia uji. Asubuhi mama mkwe aliinua macho akatazama juu ya jiko kwa muda. Hakuniuliza neno. Siku hiyo, tulipoketi kula, alisogeza sahani yake kwa watoto na kusema kuwa leo anairudisha mbegu. Sikuwahi kupata karipio zito kuliko hilo, na ninapowasikia watu wakisema kuwa wazee wetu walikuwa wakali, huwa najiuliza kama wanaufahamu ukali ulio kimya.

Baadaye alinieleza sababu. Mama yake mzazi alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo wazee wanaisimulia hadi leo. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Kwa mujibu wa masimulizi ya ukoo wao, waliosalia hawakuwa wale waliokuwa na chakula kingi mwanzoni, bali wale ambao mvua iliporudi walikuwa bado na cha kupanda. Wengine waliikuta mvua wakiwa hai lakini mikono mitupu, wakaitazama ikinyesha juu ya mashamba matupu. Sina namna ya kuhakikisha masimulizi ya ukoo, lakini niliyaelewa, kwa kuwa tumboni mwangu nilikuwa na njaa ya kuyaelewa.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Januari 2006. Tulikuwa tumekwisha kupanda sehemu ya mbegu vumbini, ardhi ikiwa kavu, kama ilivyo desturi ya wengi huku, ili mvua ya kwanza isipotee bure. Mama mkwe alitoa theluthi moja tu ya mbegu kwa ajili ya upandaji huo, nami, niliyekuwa na haraka, nilinung'unika kwamba tungemaliza zote mara moja. Uwele uliota vizuri, ukawa kijani kibichi cha kupendeza, kisha jua likawaka siku kumi na tisa mfululizo ukaungua wote. Mwezi Februari tulipanda tena kutoka kwenye masuke yaliyobaki juu ya jiko. Baba watoto alikuwa amesharudi, amekonda, na gunia moja na nusu la mahindi, akatukuta tukiwa shambani. Mwezi Machi mvua ilinyesha kweli, watoto wakapanda madunguni kuwafukuza kwelea kwelea, na Juni tukavuna magunia matatu. Si mengi. Lakini suke moja la uwele lina mbegu nyingi sana. Nimewahi kujaribu kuzihesabu nikaacha kabla ya kufika katikati, na kila nikilishika mkononi nakumbuka lile nililolitwanga usiku.

Hayo ndiyo niliyojifunza kwa mvua: usikasirike, kwa kuwa hakuna wa kukasirikiwa, usitaje siku, kwa kuwa siku si yako, fanya kila kazi inayoweza kufanyika kabla, na usile mbegu. Nilijiona nimehitimu.

Mwaka 2010 nilijiunga na kikundi cha wakulima wa zabibu, zao ambalo lililetwa Dodoma na wamisionari na sasa ndilo linalotutambulisha nchini. Nilipanda nusu ekari. Kuhusu miaka ya mzabibu sitaongea sana, kwa sababu kungoja kwake, ingawa ni kurefu, kuna huruma ndani yake. Unachimba mitaro, unajaza samadi, unapanda vipandikizi, unasimamisha nguzo na kuvuta waya, unapambana na mchwa na ugonjwa wa ubwiri, na kwa karibu miaka miwili hupati hata shilingi. Hata hivyo kila wiki kuna jambo la kutazama, jicho lililochipua, mkono ulioshika waya, tawi ulilolipogolea likatoa mawili. Mmea unakuambia umefika wapi. Kitu kigumu kilikuwa kupogolea kwa mara ya kwanza, kukata kwa mkono wangu matawi niliyoyamwagilia kwa madumu ya kichwani, huku mwalimu wetu aliyepata mafunzo katika kituo cha utafiti cha Makutupora akinisisitiza nikate zaidi, kwamba nisipokata nitavuna majani. Nilikata huku nimegeuza uso. Mwaka 2012 nilivuna kilo tisini, na mwaka 2014, katika mavuno ya kiangazi ambayo zabibu zake huwa tamu kuliko za masika, nilivuna kilo 1,300.

Hapa ndipo penyewe.

Zabibu iliyoiva haingoji. Uwele unaweza kukaa ndani ya kilindo mwaka mzima, lakini zabibu ukichelewa siku chache inaanza kupasuka, nyuki na nyigu wanaingia, na kilichokuwa mali kinakuwa takataka. Kila mnunuzi anajua hilo, na ndiyo maana anapofika shambani wewe ndiye unayesihi. Mwezi Septemba alikuja mnunuzi mmoja ambaye tulikuwa tumemuuzia kidogo mwaka uliotangulia, akiwa na gari na kreti zake. Tulikubaliana shilingi 900 kwa kilo, jumla shilingi 1,170,000. Alinilipa 170,000 papo hapo, akaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba ninamdai milioni moja, akasema kwa uso mkunjufu kabisa, "Mama, Jumatatu nakuja na hela yako yote." Jioni nilimwonyesha mama mkwe ile karatasi. Aliiangalia ingawa hasomi, akaniuliza amesema lini. Nikamwambia Jumatatu. Akauliza, "Hiyo Jumatatu ni yake?" Nilidhani anarudia mafundisho yake ya zamani, nikaitikia tu. Sasa najua kwamba lilikuwa swali, na lilitaka jibu.

Jumatatu haikuja. Ikafuata ya pili, kisha mwisho wa mwezi, kisha baada ya Krismasi. Mwanzoni mwa mwaka 2015 binti yangu mkubwa alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada ya sekondari za kutwa ilikuwa bado haijaondolewa, na pamoja nayo kulikuwa na sare, madaftari na michango, na fedha ya kutekeleza hayo yote ilikuwa kwenye karatasi ile. Aliingia darasani wiki tano baada ya wenzake. Katika wiki hizo tano alikuwa akiamka mapema, anafagia uwanja, anachota maji, kisha anakaa na kitabu cha kuazima bila kuniuliza chochote, na ukimya wake ulinikumbusha kaka yake alivyokaa njiani kutwa nzima ile Jumapili.

Nilimngoja mtu yule miezi kumi na minne. Niliposhindwa kumpata kwenye simu nilijiambia kuwa mtandao ni mbaya. Alipopokea na kulalamika kuwa naye amekwama, nilimpa pole. Kanisani, akina mama walionijua walinitaja kama mfano wa mvumilivu, na mmoja alisimama kabisa kushuhudia kwamba amejifunza subira kwangu. Natamani kusema kwamba sifa hizo zilinifariji tu. Ukweli ni kwamba zilinifunga mikono, kwa sababu mtu aliyekwisha kusifiwa kwa upole huona haya kwenda kugonga mlango wa mdeni. Baba watoto alishauri twende kwa mtendaji wa kijiji, nikamwomba asubiri. Nilitumia maneno ya mama mkwe, kwamba hasira haileti mvua.

Katika kikundi chetu kulikuwa na mjane mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye mnunuzi huyo huyo alikuwa akidaiwa naye laki nne. Ahadi ya kwanza ilipovunjwa alimpigia simu. Ya pili ilipovunjwa alipanda basi akamfuata mjini, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake tangu asubuhi hadi jioni akila karanga. Ya tatu ilipovunjwa alikwenda kwa mtendaji na karatasi yake, na kutoka hapo akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo. Watu walimwita mkorofi. Nami, najuta kusema, sikumtetea; ndani ya moyo wangu nilimwona kama mtu asiyekuwa na malezi yetu ya kungoja. Alilipwa fedha zake zote kwa awamu mbili kabla ya mwaka kwisha, wakati mnunuzi alikuwa bado na gari na biashara yake inatembea.

Mimi nilipokwenda hatimaye, Novemba 2015, gari lilikuwa limeuzwa. Mbele ya mtendaji alilikubali deni bila ubishi, akaomba msamaha kwa heshima zote, akanilipa laki tatu, kisha akahama na namba yake ya simu ikafungwa. Zikabaki laki saba.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa napogolea, kwa kuwa ni kazi inayoacha akili huru. Nilikuwa nimemngoja mtu kama ninavyongoja mvua. Mvua haisikii, kwa hiyo kunyamaza mbele yake ni busara. Kelele zako hazitaisogeza wala kuirudisha. Mtu anasikia. Anasikia hata ukimya wako, na kwa masikio ya mdeni ukimya wangu ulikuwa na maana moja tu, kwamba fedha yangu inaweza kusubiri. Mwenye madeni mengi ana foleni kichwani mwake, kama ile ya madumu korongoni, na dumu lisilo na mwenyewe husogezwa nyuma kila anapofika mwingine. Sidhani kama alikusudia kunidhulumu siku alipopakia kreti. Nadhani kila alipopata fedha alimlipa aliyekuwa akipiga kelele, nami nikawa wa mwisho hadi kisima kikakauka.

Tena mwiko wa mama mkwe nilikuwa nimeushika kichwa chini miguu juu. Alinikataza kutaja siku kwa sababu siku ya mvua si mali ya mtu yeyote. Siku ya kulipa ni mali ya mlipaji. Ni yake kabisa, aliitaja kwa kinywa chake, na kwa sababu ni yake anaweza kudaiwa. Ndiyo maana aliniuliza kama ile Jumatatu ni ya yule mtu, nami sikujibu, kwa kuwa jibu lingenilazimisha kufanya jambo. Huko chini kabisa hakukuwa na subira. Kulikuwa na woga. Nilimwogopa mtu aliyevaa vizuri kuliko mimi na aliyezungumza Kiswahili cha mjini kunishinda, niliogopa kwamba nikimbana mwaka ujao hatanunua, niliogopa kuitwa mkorofi. Woga huo ulijitanda kanga ya subira, na kijiji kizima, mimi nikiwa wa kwanza, tukaisalimia kanga.

Wazee wetu walituachia methali "subira yavuta heri", na hao hao wakatuachia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Nilipokuwa shuleni tulifundishwa kuziandika kwenye kurasa mbili tofauti. Kikundini kwetu mara nyingi mwanamume mwenye kudai husomewa ya pili na mwanamke husomewa ya kwanza, jambo ambalo nimeligundua nikiwa mtu mzima na ambalo sasa huwa nalisema mkutanoni bila kuombwa.

Nikumbushe pia kwamba mji wetu wenyewe ni bingwa wa kungoja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulitolewa mwaka 1973, na mimi nilizaliwa, nikasoma, nikaolewa na kuzaa watoto wote nikiusikia ukizungumzwa kama jambo la kesho. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia kweli, wapo ndugu zetu waliokuwa wameuza mashamba yao ya pembezoni muda mfupi tu kabla ya hapo, kwa bei ya mbuzi watatu, na wapo waliokuwa wameyashikilia kwa sababu tu hawakupata mteja. Hawa wa pili leo wanaitwa wenye maono. Nawafahamu wawili, hawakuwa na maono yoyote, walikuwa wakilima karanga. Hilo hunisaidia ninapotaka kujisifu kwa yale niliyongoja yakaja, kwa sababu mengi yalikuja bila kunishauri.

Mwaka 2017 nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kununua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila kreti inayotoka inaandikwa, mnunuzi anaweka sahihi, nusu ya malipo inatangulia, na pembeni kuna safu niliyoichora kwa rula iitwayo "siku ya kuuliza". Siku hiyo ikifika tunapiga simu, hata kama mdeni ni shemeji. Baadhi yetu tulijifunza pia kukamua zabibu na kuuza mchuzi wake, ambao ukihifadhiwa vizuri hukaa muda mrefu kuliko tunda bichi, na tangu hapo mnunuzi akifika hatukuti tukiwa tumeshika vichwa. Mjane yule ndiye mweka hazina. Nilimwomba radhi, akacheka akasema alikuwa hajui kama nilimsema.

Mama mkwe bado yupo, ni mzee sana, na kila Novemba huketi mlangoni akiangalia mashariki. Hatuulizani siku. Lakini huniita jioni na kuniuliza kama masuke yapo juu ya jiko, nami huingia ndani nikayahesabu na kurudi kumpa idadi.

Mwaka 2023, mwezi Agosti, nilikuwa nimeketi karibu na stendi kuu ya Nanenane na maboksi yangu ya zabibu, nikamwona yule mtu akishuka kwenye basi. Amezeeka, anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Alinitambua kabla sijamwita, na kwa sekunde chache nilimwona akitafuta njia ya kupita kati ya watu. Nilisimama, nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza habari za nyumbani, naye akanieleza matatizo yake ambayo nina hakika yalikuwa ya kweli. Nilimpa pole. Kisha nikamwambia, "Kaka, zile laki saba." Midomo ilinitetemeka lakini sauti ilitoka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu arobaini, akasema nyingine ataleta tu, Mungu akijalia. Nikamuuliza lini. Akasema Jumatatu. Nikamuuliza Jumatatu ipi, ya tarehe ngapi, na namba yake ya simu ya sasa ni ipi, nikaipiga pale pale nikaisikia ikiita mfukoni mwake. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari, nikaandika 40,000 mbele ya jina lake, zimebaki 660,000, na kwenye safu ya pembeni nikaandika tarehe aliyoitaja kwa kinywa chake.